Tabora kwa Baiskeli: Mwongozo wa Kuifuata Historia ya Mapenzi ya Jinsia Moja kwenye Njia ya Misafara

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako uliye na baiskeli, siku moja ya mapumziko, na hamu ya kuyajua yale ambayo vitabu vya shule viliyaruka. Utakuzungusha Tabora kuanzia stesheni ya reli hadi Kwihara na Kipalapala. Njiani utafuata habari za watu waliopenda watu wa jinsia yao, za waliotuhumiwa hivyo, na za wale waliotunga sheria na vitabu juu yao. Hutakuta kibao chochote cha kukueleza habari hizi, kwa hiyo maandalizi ndiyo nusu ya safari.

KWA NINI UFANYE SAFARI HII

Mazungumzo yetu kuhusu mapenzi ya jinsia moja hutawaliwa na madai mawili. La kwanza husema kwamba jambo hili halikuwapo Afrika, lililetwa na wageni. La pili hujibu kwamba lilikuwapo tangu enzi na enzi na kila mtu aliliridhia. Yote mawili husemwa kwa sauti kubwa na kwa ushahidi mdogo.

Tabora ni mahali pazuri pa kuyapima. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe, kisha njia zikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Waliopita hapa wakiwa na kalamu mkononi ni wengi: wasafiri wa Kizungu kama Burton na Speke, Livingstone na Stanley, mapadre na wachungaji. Baadaye walikuja maofisa wa Kijerumani, Wabelgiji, kisha Waingereza. Mengi tunayoambiwa leo kuhusu "Waafrika wa zamani" yalitoka kwenye maandishi ya watu wa aina hii.

Shika jambo moja kabla hujapanda baiskeli. Kumbukumbu tulizonazo ni chache, na nyingi ziliandikwa na watu waliokuwa na ugomvi, hofu au dini ya kutetea. Kazi yako ni kujua nani alisema nini, alisemea wapi na kwa faida ya nani. Ukifanya hivyo utakuwa umewatendea haki watu ambao hawakupewa nafasi ya kujieleza.

KWA NINI BAISKELI

Kwa gari utapita kila kitu haraka, na kwa miguu vituo hivi havimaliziki kwa siku moja. Baiskeli ni usafiri wa kila siku Tabora: inabeba mkaa, asali, madumu ya maji na abiria. Mtu wa baiskeli hamshtui mtu. Anasimama chini ya mwembe, anasalimia, anauliza njia, anapewa maji. Miembe utakayoiona imejipanga kandokando ya barabara za zamani ni sehemu ya somo lenyewe, kwa maana wenyeji huihusisha na misafara na vivuli vyake ndivyo vituo vyako vya kupumzika.

KISANDUKU CHA 1: SHERIA NA USALAMA, SOMA HAPA KWANZA

1. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154, inaadhibu kile inachokiita kumwingilia mtu kinyume cha maumbile. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha.
2. Sheria hiyo inaadhibu tendo, na kusoma historia si tendo hilo. Lakini mtaani watu hawatofautishi hivyo kila mara. Usivae wala kubeba kitu cha kukutambulisha na mada hii, na usiitangaze kwenye vijiwe.
3. Usitafute watu walio hai. Usiulize nani yuko hivi au vile, usipige picha za watu, na usiandike jina la mtu yeyote aliye hai kwenye daftari.
4. Usirushe safari yako mtandaoni ukiwa bado njiani, na zima huduma ya mahali kwenye simu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni ni kali, na picha moja inaweza kumponza mtu ambaye hukukusudia hata kumtaja.
5. Tembea na mwenzako mmoja unayemwamini, na mwachie mtu wa tatu ratiba yenu.
6. Ukisimamishwa na askari au kiongozi wa mtaa, tulia, toa kitambulisho na sema ukweli ulio mfupi: unatembelea sehemu za historia ya njia ya misafara. Ukipelekwa kituoni, omba kumjulisha ndugu au wakili.

HATUA YA KWANZA: SOMA KABLA YA KUTOKA

Usipotayarisha kichwa, utaona majengo tu. Jipe wiki mbili za kusoma kidogokidogo.

1. Anza na maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Hayazungumzii mada yetu, lakini yatakupa Tabora ya misafara kwa lugha yako: madeni, ndoa za kisiasa, vita na pembe za ndovu.
2. Soma kuhusu wapagazi. Kitabu cha mwanahistoria Stephen Rockel cha 2006 kinaonyesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wenye taratibu, heshima na misimamo yao, na kwamba wanawake nao walisafiri na misafara.
3. Tafuta makala ya Heike Schmidt ya 2008 kuhusu kashfa ya Gavana Rechenberg. Kashfa hiyo ndiyo habari ya kituo chako cha kwanza.
4. Ukiwa Dar es Salaam, pita kwenye Kumbukumbu za Taifa, Upanga, ambako majalada ya enzi ya Wajerumani yamehifadhiwa, au kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uliza mapema masharti ya kibali, kwa sababu utafiti rasmi una taratibu zake.

Onyo: ukisoma maandishi ya karne ya 19 utakutana na maneno ya dharau juu ya watu weusi na juu ya wapenzi wa jinsia moja. Yanakili kama ushahidi wa mwandishi alivyofikiri, na usiyafanye kuwa lugha yako.

HATUA YA PILI: ANDAA BAISKELI

Baiskeli ya kawaida yenye keria inatosha. Barabara kuu zina lami, lakini ya Kwihara na vijia vya pembeni vina mchanga na vumbi.

1. Peleka baiskeli kwa fundi siku mbili kabla. Mwambie akaze breki zote mbili, anyooshe spoku na apake mafuta mnyororo.
2. Kagua matairi kwa vidole. Adui mkubwa wa Tabora ni mbigili, kamwiba kadogo kagumu kanakojificha mchangani. Kakiingia tairini, hutakaona kwa macho: pitisha kidole polepole upande wa ndani wa tairi kabla ya kurudisha tyubu, la sivyo utaziba pancha moja na kupata nyingine baada ya mita mia.
3. Beba tyubu ya akiba, viraka, solusheni, pampu na spana.
4. Beba maji lita 3 kwa mtu mmoja. Kwa chakula, michembe au matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) hayaharibiki kwa joto na hayachukui nafasi.
5. Chagua kiangazi. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri zaidi. Septemba na Oktoba jua ni kali mno, na kuanzia Novemba mvua hugeuza vijia kuwa tope.
6. Kwenye mchanga mzito toa upepo kidogo kwenye matairi, ushikilie usukani bila kuukaza, na ukishindwa shuka usukume.

HATUA YA TATU: ZUNGUKA VITUO VINNE

Toka saa 12:30 asubuhi. Stesheni na boma zimalize kabla ya saa 3, fika Kwihara kabla jua halijawa kali, pumzika adhuhuri, kisha nenda Kipalapala alasiri. Uwe umerudi mjini kabla ya giza.

Kituo cha 1: Stesheni ya reli

Kinachokuleta hapa: reli iliyoifikia Tabora ilimgharimu gavana mmoja jina lake, na silaha iliyotumika dhidi yake ilikuwa tuhuma ya mapenzi ya jinsia moja.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Albrecht von Rechenberg, gavana wa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu 1906, aliipigania sana ifike Unyamwezi. Baada ya vita vya Majimaji aliamini kwamba uchumi wa koloni ujengwe juu ya mkulima Mwafrika na biashara yake, na Unyamwezi ilikuwa na watu wengi waliozoea kilimo, biashara na safari. Walowezi wa Kijerumani, hasa wa kaskazini, walitaka reli, ardhi na vibarua kwa ajili ya mashamba yao. Wakamchukia.

Gazeti lao la Dar es Salaam, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, chini ya mhariri Willy von Roy, lilimshambulia kwa ukali. Ugomvi ukageuka: gavana akatuhumiwa kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na watumishi wake wa kiume wa Kiafrika. Mwaka 1910 kashfa hiyo ilikuwa imefika mahakamani. Wakati huo Ujerumani kwenyewe palikuwa na mtikisiko wa kesi zilizomhusu Philipp zu Eulenburg, rafiki wa Kaisari, tangu 1907, kwa hiyo kila aliyesoma magazeti alijua tuhuma ya aina hiyo ingeweza kummaliza mkubwa yeyote.

Ukiwa nje ya stesheni, fanya hivi:

1. Tazama reli inakoelekea, mashariki Dar es Salaam na magharibi Kigoma. Jiulize nani alinufaika kwa gavana kuchafuliwa.
2. Andika swali la pili, ambalo ni zito zaidi: wale watumishi wa Kiafrika wako wapi katika habari hii? Katika ugomvi wa wakubwa waligeuzwa kuwa ushahidi. Hawakuwa na gazeti wala wakili, na kukataa amri ya gavana hakukuwa rahisi.
3. Usihitimishe kwamba gavana alikuwa hivi au vile. Unalojua kwa hakika ni kwamba tuhuma ilitumika kama silaha ya kisiasa.

Tahadhari: omba ruhusa kabla ya kupiga picha maeneo ya reli.

Kituo cha 2: Boma la Wajerumani

Kinachokuleta hapa: sheria inayotumika leo ina umri wake na ina mahali ilipotoka.

Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, alipojilipua kwa baruti ili asikamatwe. Baada yake utawala wa boma ulishika hatamu. Chini ya Wajerumani kifungu cha 175 cha sheria yao ya jinai, kilichoadhibu mapenzi baina ya wanaume, kiliwahusu Wazungu. Waafrika walihukumiwa na maofisa wa boma kwa kanuni nyingine, na adhabu zilikuwa viboko, mnyororo na kazi ngumu.

Majeshi ya Kibelgiji yaliiteka Tabora Septemba 1916. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walitumia kwanza sheria ya jinai ya India, ambayo kifungu chake cha 377 kilitungwa mwaka 1860. Mwaka 1930 walileta Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, yenye mizizi katika sheria ya Queensland, Australia, ya 1899. Lile fungu la maneno "kinyume cha maumbile" lilisafiri kwa njia hiyo. Uhuru ulikuja mwaka 1961 na kifungu kikabaki. Mwaka 1998 Bunge letu wenyewe, kupitia sheria ya makosa ya kujamiiana, liliongeza adhabu.

La kufanya: chora kwenye daftari mstari wa miaka, 1860, 1899, 1930, 1961, 1998. Chini ya kila mwaka andika nani aliamua. Utaona kwamba mwanzo wa kifungu ni wa wakoloni na ukali wake wa leo ni wa kwetu. Ukitaja nusu moja tu utakuwa umepotosha.

Tahadhari: boma ni eneo la jeshi. Usipige picha, usisogelee lango, usisimame muda mrefu. Pita ukiendesha taratibu, kisha andika ukiwa mbali.

Kituo cha 3: Kwihara

Kinachokuleta hapa: hapa utajifunza jinsi mtu anavyoweza kukaa mahali muda mfupi akaandika hukumu ya bara zima.

Kwihara iko kilomita chache nje ya mji. Utaona tembe la udongo lenye paa bapa na mlango wa nakshi wa kipwani. Hapo Livingstone aliishi kuanzia Februari hadi Agosti 1872, baada ya Stanley kumkuta Ujiji. Lipa kiingilio, omba stakabadhi, na mpe mhifadhi muda wako. Ukiingia, simama kwenye uwanja wa katikati. Vyumba vyote vinatazama ndani, na nje kuna ukuta tu. Mgeni aliyelala kwenye nyumba ya namna hii aliwaona wenyeji wake na wafanyakazi wao. Maisha ya nyumba za Wanyamwezi hakuyaona.

Mkumbuke hapa Richard Burton. Aliingia Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857, akapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Alikaa majuma kadhaa, akaenda hadi Ziwa Tanganyika, akarudi katikati ya 1858. Sehemu kubwa ya safari alikuwa mgonjwa. Karibu miaka 30 baadaye, katika insha ndefu aliyoiweka mwishoni mwa tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, alieleza mapenzi ya jinsia moja duniani kote. Alichora ukanda wa nchi ambako aliamini jambo hilo limeenea, akawaweka watu weusi nje yake, akisema kwa jumla hawakuguswa nalo.

Kwa hiyo dai kwamba Waafrika hawakulijua jambo hili, linalotajwa leo kama sauti ya mababu zetu, limo katika kitabu cha Mwingereza. Katika insha hiyohiyo alinakili habari za kale za wanaume wa Afrika ya Kati magharibi waliovaa na kuishi kama wanawake, na mfano wake mwenyewe haukumfanya abadili kanuni yake. Nayo taarifa iliyochapishwa mwaka 1899 katika jarida la Kijerumani, Zeitschrift für Ethnologie, ilieleza wanaume na wanawake wa Unguja waliopenda watu wa jinsia yao. Mwandishi wa taarifa hiyo pia alikuwa mgeni na alikuwa na dharau zake, lakini aliandika kuhusu watu waliokuwa wakijulikana mjini kwao.

Je, kwa kuwa Tabora ilikuwa na watu wengi kutoka Unguja, tunaweza kusema maisha hayo yalifika hapa? Hapana. Tunaweza kuuliza. Hakuna mstari wa kumbukumbu unaoturuhusu kusema zaidi.

Halafu wafikirie wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30, na safari ya pwani hadi Unyanyembe ilichukua miezi. Walisafiri, wakapika na wakalala kwa makundi madogo, na usalama wa mmoja ulikuwa mikononi mwa mwenzake. Susi na Chuma, waliomtumikia Livingstone, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Zambia ya leo, wakapita hapa Unyanyembe mwaka 1873, wakafika pwani Februari 1874. Huo ni uaminifu mkubwa wa wanaume wasafiri, na unastahili kukumbukwa kwa jina lake: uaminifu. Usiuongezee maana ambayo hawakuisema, wala usiape kwamba katika maelfu ya wapagazi hapakuwa na mapenzi ya namna nyingine.

Kituo cha 4: Kipalapala

Kinachokuleta hapa: habari ya Mwanga na mashahidi wa Uganda, inayotajwa kila mwaka inapofika Juni 3, imefungamana na njia hii.

Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, uliondoka Bagamoyo Juni 1878, ukafika Tabora, kisha ukagawanyika. Padre Siméon Lourdel wa msafara huo alifika Buganda Februari 1879. Katika miaka ya 1880 shirika hilo lilikuwa na kituo Kipalapala, na leo pana seminari kuu na kiwanda cha uchapaji. Unyanyembe ilikuwa njia yao ya kwenda na kurudi pwani.

Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alitawala kuanzia 1884. Kati ya 1885 na 1887 aliwaua vijana Wakristo, wengi wao wakiwa watumishi wa ikulu. Wanaotambuliwa kama mashahidi ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wamisionari waliandika kwamba baadhi ya vijana walimkasirisha kwa kukataa kulala naye. Ikulu pia ilikuwa na hofu nyingine: Wajerumani walikuwa wanateka pwani, Askofu Hannington aliuawa Busoga Oktoba 1885, na vijana wa ikulu walikuwa wakiwatii walimu wa dini kuliko mfalme.

Leo kila upande unamchukua Mwanga kama ushahidi. Mmoja humtaja kuonyesha kwamba mapenzi haya yalikuwapo ikulu kabla ya wakoloni. Mwingine humtaja kuonyesha uovu wake. Wewe jiulize maswali matatu:

1. Nani aliandika, na alikuwa na uhusiano gani na waliouawa?
2. Kijana wa ikulu alikuwa na nafasi gani ya kukataa amri ya mfalme? Kama hakuwa nayo, hilo ni jambo la mabavu, na usiliite mapenzi.
3. Sababu gani za siasa zimeachwa nje katika simulizi uliyoizoea?

Tahadhari: hapa ni mahali pa ibada na masomo. Jitambulishe getini, omba ruhusa, vaa kwa heshima. Ukinyimwa, shukuru uondoke. Usiende kuanzisha mabishano na waseminari.

HATUA YA NNE: ZUNGUMZA NA WAZEE KWA ADABU

Mzee hakudai wewe umfundishe, na wewe hujaenda kumchimba. Anza na salamu. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, watoka wapi?" Mwambie unakotoka, kaa chini akikukaribisha, pokea maji. Ikiwa ni asubuhi na umejifunza "mwangaluka," itumie. Kisha uliza yale ambayo mtu anaweza kuyajibu bila kujiponza wala kumponza jirani:

1. Zamani misafara ilipopita, kambini nani alipika na nani alilala na kundi gani?
2. Mtu ambaye hakuoa, au mwanamke ambaye hakuolewa, alionwaje hapa kijijini?
3. Watu wa pwani walikuja na ngoma gani, na nani alizicheza?

Acha maswali mawili haya: "Hapa kwenu watu wa namna hiyo walikuwapo?" na "Fulani alikuwa hivyo?" La kwanza humlazimisha mzee kutetea kijiji chake mbele ya mgeni. La pili ni umbea, na linaweza kuumiza ukoo mzima. Usirekodi sauti kwa siri. Akikaa kimya, badilisha mazungumzo.

HATUA YA TANO: ANDIKA SAFU TATU

Gawa kila ukurasa wa daftari sehemu tatu: kilichosemwa, aliyekisema na sababu yake, asiyesikika. Mfano wa stesheni ungekuwa hivi.

Kilichosemwa: gavana ana uhusiano na watumishi wake wa kiume. Aliyekisema na sababu yake: gazeti la walowezi, waliompinga kwa siasa yake ya reli, ardhi na vibarua. Asiyesikika: watumishi wenyewe.

Ukimaliza siku utaona kwamba safu ya tatu ina wale wale: mtumishi, mpagazi, kijana wa ikulu, mwanamke. Safu hiyo ndiyo mavuno ya safari yako.

KISANDUKU CHA 2: MAKOSA YANAYOFANYWA MARA KWA MARA

- Kubandika majina ya leo juu ya watu wa jana. Wakurya wa Mara wana ndoa ya nyumba ntobhu, ambamo mwanamke humwoa mwanamke ili apate mrithi. Ni ndoa ya ukoo na mali, na haithibitishi mapenzi ya jinsia moja. Wala haifai kufichwa kwa kuwa haifanani na ndoa uliyoizoea.
- Kuhamisha ushahidi. Habari ya Unguja si habari ya Tabora, na ya ikulu ya Buganda si ya kijiji cha Unyamwezi.
- Kuchukua ukimya kama jibu. Kutokuandikwa hakuthibitishi kuwapo wala kutokuwapo.
- Kuwasahau wanawake. Karibu waandishi wote wa njia hii walikuwa wanaume walioandika juu ya wanaume. Andika pengo hilo, usilijaze kwa kubuni.
- Kuchanganya mapenzi na mabavu. Palipo bwana na mtumwa au mfalme na kijana wake, uliza kwanza juu ya uhuru wa kukataa.

UKITAKA KUENDELEA MBELE

Njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji, iliwekwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006. Yote ina zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo ichukue kwa vipande. Kutoka Tabora unaweza kwenda Urambo, makao ya Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, kisha Kigoma na Ujiji. Uliza stesheni masharti ya kusafirisha baiskeli kwa treni. Ukipita porini magharibi jihadhari na mbung'o, vaa mikono mirefu, na usiendeshe peke yako.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUTOKA

- Breki, matairi na mnyororo vimekaguliwa
- Tyubu ya akiba, viraka, solusheni, pampu, spana
- Maji lita 3, chakula, kofia
- Kitambulisho, fedha taslimu za kiingilio na dharura
- Simu imefungwa kwa namba ya siri, huduma ya mahali imezimwa
- Daftari la safu tatu lisilo na jina la mtu aliye hai
- Mwenzako wa safari, na mtu wa tatu anayejua ratiba

Ukirudi nyumbani, soma tena daftari lako na ulihifadhi mahali salama. Siku utakaposikia mtu anaapa kwamba mababu zetu hawakulijua kabisa jambo hili, au kwamba walilikubali wote, muulize kwa upole: nani aliandika hivyo, na alikaa hapa siku ngapi? Watu tunaowazungumzia ni ndugu, majirani na raia wenzetu, jana na leo. Tusiwasingizie waliokufa, na tusiwaponze walio hai.